Dennis Ritchie, Mtu wa Sheria Chache

Kila mwaka mwezi wa sita ukifika, foleni ya pale stationery karibu na geti inakuwa ndefu kuliko ya kantini. Watu wameshika flashi mkononi kama hirizi, wanasubiri kuprinti na kubaindi ripoti za mwaka wa mwisho. Jalada gumu, jina mgongoni kwa maandishi ya dhahabu, nakala zisizopungua tatu. Boom lilishakata siku nyingi, na mwenye mashine hakopeshi. Nikiwa nasubiri zamu yangu nikamkumbuka mtu mmoja aliyefika hatua hiyohiyo, akaishia hapohapo.

Mwaka 1968 Dennis Ritchie alimaliza kuandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Kilichobaki kilikuwa kupeleka maktaba nakala iliyobaindiwa. Hakupeleka. Harvard nao hawakumpa shahada, na tasnifu yenyewe ikapotea machoni mwa watu hadi ilipowekwa wazi mwaka 2020, yeye akiwa ameshafariki. Yaani mtu ambaye kazi yake iko ndani ya simu uliyonayo mfukoni, kwa utaratibu wa chuo, alikuwa hajamaliza shule.

Simtaji ili wenzangu waache kubaindi. Baindini, tafadhali, msije mkaniletea lawama. Namtaja kwa sababu mwaka jana mimi na wenzangu wanne tulikuwa na mradi wa programu ya lugha ya C, lugha aliyoitengeneza yeye, na mimi ndiye nilikuwa mlinzi wa sheria za uandishi. Niliziongeza hadi zikafika 63. Ilibidi pampu igome mbele ya ukoo mzima ndipo nikaanza kusoma maisha ya mwenye lugha yake. Hiyo ya pampu tutaifikia. Tuanze na mwenyewe.

Ritchie alizaliwa tarehe 9 Septemba 1941, Bronxville, jimbo la New York, akakulia Summit, New Jersey. Baba yake, Alistair Ritchie, alikuwa mtaalamu wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya AT&T, na ni mmoja wa waandishi watatu wa kitabu cha usanifu wa sakiti za swichi kilichotoka 1951. Kwa hiyo mtoto alikua nyumba yenye harufu ya waya, kama sisi wengine tulivyokua nyumba zenye harufu ya mbaazi na ngano.

Pale Harvard alichukua fizikia, akahitimu 1963. Katikati ya masomo alihudhuria mhadhara kuhusu namna kompyuta ya chuo, Univac I, inavyofanya kazi, na hapo ndipo akili yake ilipohamia. Baadaye alipokuwa mtu mkubwa alijieleza kwa utani ambao kila mtu wa vimbweta atauelewa: kwamba shahada ya kwanza ilimthibitishia kuwa hana akili ya kutosha kuwa mwanafizikia, na masomo ya juu yakamthibitishia kuwa hana akili ya kutosha kuwa bingwa wa nadharia za algorithimu. Basi ikabaki kompyuta.

Mwaka 1967 akaingia Bell Labs, palepale alipofanya kazi baba yake. Wakati ule maabara hiyo ilikuwa inashirikiana na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric kujenga mfumo endeshi mmoja mkubwa ulioitwa Multics. Multics ulitaka kufanya kila kitu kwa kila mtu. Ukawa mzito, ukachelewa, ukala fedha, na mwaka 1969 Bell Labs wakajitoa. Vijana waliokuwa wameuzoea wakabaki kama watoto walionyang'anywa mpira. Mmoja wao, Ken Thompson, akaokota kompyuta ndogo ya PDP-7 iliyokuwa haitumiwi sana, yenye kumbukumbu ya maneno 8,000 hivi ya biti 18, akaanza kuandika juu yake mfumo mdogo. Ritchie akaungana naye. Mfumo huo ndio Unix.

Hapa pana jambo ambalo sikuwahi kulisikia darasani. Udogo wa Unix ulitokana kwa sehemu kubwa na shida. Ilipokuja mashine mpya, PDP-11, nayo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24 tu: 16 za mfumo, 8 za programu za watumiaji. Picha moja ya WhatsApp leo haienei humo. Kwenye nafasi kama ile, kila sheria unayoongeza inakula chakula cha mwingine. Ukitaka kitu kiingie, lazima ueleze kitamsaidia nani.

Lugha ya C ilizaliwa humo. Kulikuwa na lugha ya Martin Richards wa Uingereza, BCPL. Thompson akaibana mpaka ikaingia kwenye mashine yake, akaiita B. Lakini B ilijua aina moja tu ya data, na PDP-11 ilishughulika na baiti moja moja. Ritchie akaanza kuongeza aina za data, na kati ya 1971 na 1973, hasa mwaka 1972, B ikageuka kuwa lugha nyingine. Akaipa jina C, na hakutaka kusema kama ni herufi inayofuata B kwenye alfabeti au inayofuata B kwenye jina BCPL. Thompson alijaribu mwaka 1972 kuandika kiini cha Unix kwa C akashindwa, kwa sababu lugha ilikuwa bado haina miundo ya kukusanya data mbalimbali pamoja. Ritchie akaongeza miundo hiyo, na majira ya joto ya 1973 wakaandika upya kiini karibu chote kwa C. Tangu hapo mfumo endeshi ukawa kitu cha kuhamishika kutoka mashine moja kwenda nyingine. Zamani kila mashine ilikuwa kama kabila lenye lugha yake.

Wawili hawa walifanya kazi namna gani? Ritchie alikuwa mtu wa usiku. Alifika kazini karibu na saa sita mchana na kuendelea mpaka usiku wa manane, kama watu wa msuli wa mtihani. Thompson alieleza mwaka 1984 kwamba katika miaka kumi ya kufanya kazi pamoja anakumbuka mara moja tu waliyogongana, wote wawili wakaandika kitu kilekile bila kuambiana. Ilikuwa programu ya mistari 20 ya lugha ya mashine. Walipolinganisha, zilifanana herufi kwa herufi. Hakuna roboti iliyowakagua. Kila mmoja alikuwa amesoma kazi ya mwenzake mpaka mkono ukafanana.

Lakini msije mkadhani C ilitoka safi. Ina kosa moja ambalo Ritchie mwenyewe alilikubali hadharani, na ndilo lililonitia aibu mimi.

Katika C, alama & inachukua biti zilizo 1 katika namba zote mbili, na alama == inauliza kama vitu viwili ni sawa. Mwanzoni & ilifanya kazi mbili: kuchuja biti, na kusema neno "na" katika masharti. Baadaye zikaongezwa && na || kwa ajili ya masharti. Hapo ndipo ilipofaa kuipandisha & iwe inafanyiwa kazi kabla ya ==. Ritchie hakuipandisha. Aliogopa kuvunja programu zilizokwisha kuandikwa. Na zilikuwa ngapi? Kilobaiti mia kadhaa za msimbo, katika vituo vitatu hivi. Mwaka 1982 alieleza habari hiyo kwa kujicheka, akikiri kwamba ingekuwa heri angebadilisha wakati ule. Leo C iko kwenye mabilioni ya vifaa na hakuna anayeweza kuigusa.

Sasa pampu.

Mradi wetu ulikuwa kifaa kidogo cha kuwasha na kuzima pampu ya maji kulingana na tangi. Nyumbani kwetu ni Qurus, kata ya wilaya ya Karatu, wilaya ambayo watalii wanaipita wakielekea Ngorongoro. Kwetu maji ni hesabu ya kila siku, kwa hiyo nilijitolea tukijaribie kwetu wakati wa likizo. Kifaa kilikuwa kinapokea namba moja ya hali. Biti yenye thamani ya 1 ilisema umeme upo. Biti yenye thamani ya 4 ilisema tangi limejaa. Mimi nikaandika sharti la kuzima pampu hivi:

if (hali & 4 == 4)

Msomaji asiyejua C ataona sawa: kama biti ya 4 ipo, zima. Kumbe kompaila inaanza na 4 == 4, inapata kweli, yaani 1, halafu inauliza kama hali ina biti ya 1. Biti ya 1 ni umeme. Kwa hiyo kila umeme ukiwepo, pampu inazimwa. Babu aliletewa kiti aje aone kazi ya mjukuu wa chuo kikuu. Alikaa nusu saa akitazama tangi tupu, kisha akauliza kwa upole kama mashine imelala.

Mstari ule ulikuwa umepita sheria zangu zote 63. Nafasi zilikuwa mahali pake, mabano mahali pake, urefu chini ya herufi 80. Ulikuwa msafi kama sare ya jumatatu.

Na si hivyo tu. Kwenye timu tulikuwa na dogo wa mwaka wa pili, kijana wa Mang'ola, kule kwa vitunguu. Niliporudi chuoni nikafungua orodha ya mabadiliko yaliyokataliwa na kikagua mtindo. Humo nikakuta dogo alikuwa ameliona kosa lile wiki tatu kabla. Alikuwa ameweka mabano mawili tu: (hali & 4) == 4. Kikagua changu kilimkatalia mara 11. Mara ya kwanza kwa sababu aliacha nafasi mwisho wa mstari. Mara ya pili kwa sababu ya maelezo yasiyoanza na herufi kubwa. Kisha kwa sababu alitumia kigeu kinachoitwa maji, na mimi nilikuwa nimeweka sheria kwamba kila jina jipya lipatikane katika orodha ya maneno ya Kiingereza. Mara ya 11 akaacha. Mimi sikuwahi kufungua hata moja, maana niliona alama nyekundu nikajua ni uzembe wa dogo. Alishaacha na kuja kwenye vikao, tukamsema kwamba hana msimamo.

Rudi kwa Ritchie, maana Bell Labs walikutana na swali hilihili mapema: nani akague, na akague nini?

Kompaila ya kwanza ya C ilikuwa pole sana kwa mwandishi. Ilikubali mambo mengi ya hatari bila kusema neno. Mwenzake Ritchie, Stephen Johnson, ndiye aliyetengeneza programu ya pembeni ya kukagua msimbo, iliyotoka kwa umma na Unix ya toleo la 7 mwaka 1979. Aliiita lint, jina la vile vinyuzi vinavyong'ang'ania nguo nyeusi. Kazi yake ilikuwa kutafuta vitu ambavyo lugha inaviruhusu lakini vinatia shaka: kigeu ambacho hakikutumika, kazi iliyoitwa na data za aina tofauti na zinazotakiwa, mstari ambao hauwezi kufikiwa. Haikujishughulisha na uzuri wa sura. Ilitafuta mahali ambapo programu itakuja kukuaibisha.

Na sura je? Mwaka 1978 Ritchie na Brian Kernighan walichapisha kitabu cha lugha ya C, kurasa 228 tu. Ni kitabu kilichoeneza ule mfano wa kuisalimu dunia ambao sote tulianza nao. Namna walivyopanga yale mabano yenye pua katikati mpaka leo inaitwa kwa herufi za majina yao, K&R, na watu wamegombana juu yake kama Simba na Yanga. Linus Torvalds, alipoandika mwongozo wa mtindo wa Linux, aliwataja wawili hao kwa utani kama manabii wa mabano. Ila ukifungua kitabu chenyewe, manabii hawana msahafu huo. Wanasema tu kwamba mahali pa mabano si jambo zito kama watu wanavyodhani, chagua mtindo unaokufaa kisha ushikilie huohuo. Sentensi mbili tatu, wanaendelea na mambo mengine.

Hata palepale kwao watu hawakufanana. Steve Bourne, aliyeandika programu ya kupokea amri katika toleo la 7, alizoea lugha ya Algol. Basi akajitengenezea maneno yake ndani ya C, IF, THEN na FI, mpaka msimbo wake ukafanana na lugha nyingine kabisa. Waliourithi walilalamika miaka na miaka, na mwaka 1984 msimbo ule ulichangia kuzaliwa kwa shindano la kimataifa la kuandika C isiyosomeka. Lakini programu ile ilitolewa, ikatumika dunia nzima, na vizazi vyake vinatumika hadi leo. Ingepita kwenye kikagua changu? Isingefika hata kwenye mlango.

Miaka ya themanini C ilikuwa imeenea, kila kampuni na kompaila yake, na ikahitajika lugha sanifu. Mwaka 1983 taasisi ya viwango ya Marekani iliunda kamati. Mwaka huohuo Ritchie na Thompson walipewa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo Nobeli ya watu wa kompyuta. Mtu angetegemea mwenye lugha aje akae kiti cha mbele na kuamuru. Ritchie alikaa pembeni, akawaacha wafanye kazi. Walipochukua wazo la Bjarne Stroustrup la kutangaza aina za data za kila kazi, kompaila yenyewe ikapata uwezo wa kushika makosa mengi ambayo awali yalisubiri lint. Hakulalamika.

Aliingilia kwa nguvu jambo moja. Rasimu ilikuwa imeingiza neno jipya, noalias, la kumwahidi kompaila kwamba sehemu fulani ya kumbukumbu haiguswi kwa njia nyingine, ili iharakishe kazi. Lilionekana la kitaalamu na la faida. Mwaka 1988 Ritchie aliiandikia kamati hoja ndefu akionesha kwamba sheria hiyo haieleweki, inaweza kuharibu programu zilizo sahihi, na haijawahi kujaribiwa na watu wanaoandika programu kila siku. Akasema iondoke, na kwamba hilo halina mjadala. Ikaondolewa. Viwango vikapita mwaka 1989 bila neno hilo.

Nimeifikiria sana ile barua. Mtu aliyenyamaza karibu muda wote, siku aliyosema alisema ili sheria ipungue.

Sisi waandishi wa Kiswahili tunaijua historia ya kamati. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson, Johnson mwingine huyo. Kazi yake moja ilikuwa kupitia vitabu vya shule kabla havijachapwa, ili lugha iwe moja. Faida yake naiona: mimi naandika Karatu, wewe unasoma Mtwara au Kisumu, tunaelewana. Hasara yake pia naiona kila nikifungua kompyuta. Alfabeti sanifu haina herufi q, kwa hiyo kila nikiandika Qurus, kikagua tahajia kinapiga mstari mwekundu chini ya jina la kwetu. Kiiraqw chenyewe, lugha ya nyumbani, kinaandikwa kwa q na x na hata mkwaju / ukiwa herufi kamili. Ukimpa kikagua yule ukurasa wa Kiiraqw atakuambia bibi yangu ni kosa tangu mwanzo hadi mwisho.

Na mimi, mtoto wa Qurus, nilikwenda nikamwekea kijana wa Mang'ola sheria inayokataa neno maji. Kwenye programu ya maji!

Baada ya likizo tulikaa kikao. Swali tuliloliweka mezani lilikuwa moja kwa kila sheria: ilishawahi kuzuia kosa gani? Nyingi hazikuwa na jibu. Urefu wa herufi 80, kwa mfano, niliutetea kwa moyo wote, kumbe asili yake ni kadi za kutoboa za IBM za mwaka 1928 zilizokuwa na safu 80, zikarithiwa na skrini za zamani. Hata Linux, mradi mkali kuliko wote, mwaka 2020 walilegeza kikagua chao kisipige kelele mpaka herufi 100. Ken Thompson naye, uzeeni, alishiriki kutengeneza lugha ya Go, ambayo inakuja na programu inayopanga msimbo wa kila mtu kwa mtindo mmoja usio na chaguo. Mjadala wa mabano ukafungwa kwa mashine, watu wakarudi kazini.

Zipo zilizostahili kubaki, na ndizo hatukuwa nazo. Februari 2014 kampuni ya Apple ilipatikana na shimo kubwa la usalama kwenye msimbo wa C kwa sababu ya mstari mmoja wa goto uliorudiwa mara mbili bila mabano, ukaruka ukaguzi wote uliofuata. Kikagua kinachotafuta msimbo usiofikiwa, kazi ambayo lint ilikuwa inaifanya tangu miaka ya sabini, kingeweza kuuona. Na mstari wangu wa pampu? Kompaila ya kawaida ya GCC, ukiiwashia onyo kwa -Wall, inakushauri uweke mabano palepale. Tulikuwa tumeizima. Kelele za sheria zangu zilijaza skrini, hakuna aliyetaka kelele nyingine.

Tukabaki na sheria 4. Nafasi na mabano vinapangwa na clang-format peke yake kabla msimbo haujatumwa, hakuna anayekataliwa kwa nafasi. Maonyo yote ya kompaila yanawashwa, na onyo ni sawa na kosa. Majaribio yapite. Na ya nne ndiyo ngumu: mtu mmoja asome kazi ya mwenzake kwa macho yake kabla ya kuikubali au kuikataa. Majina kwa Kiswahili, Kiingereza au Kiiraqw ni hiari, mradi timu ielewe. Zile zilizoondoka zilikuwa kurasa sita za skripti nilizoandika kwa wiki mbili. Nilizifuta mwenyewe, sitadanganya kwamba haikuuma.

Dogo nilimfuata hosteli nikamwomba radhi. Alinisikiliza, akasema hana kinyongo, lakini ameshajiunga na timu nyingine. Mabano yake mawili yamo kwenye programu kwa jina lake. Pampu inafanya kazi. Timu haikumpata tena.

Ritchie alistaafu mwaka 2007. Kabla ya hapo alishapokea Medali ya Taifa ya Teknolojia kutoka kwa Rais Clinton mwaka 1999, na mwaka 2011 yeye na Thompson wakapewa Tuzo ya Japani. Hakuoa, aliishi peke yake Berkeley Heights, New Jersey, na afya ilikuwa imedhoofika. Tarehe 12 Oktoba 2011 alikutwa amefariki nyumbani kwake. Wiki moja kabla, tarehe 5, alikuwa amefariki Steve Jobs, dunia nzima ikawasha mishumaa. Habari ya Ritchie ilitangazwa na Rob Pike, mfanyakazi mwenzake wa zamani, ikapita kimyakimya, ingawa mashine nyingi alizouza Jobs mwishoni zilisimama juu ya kazi ya Unix na C.

Wala sidhani kama yeye angeona ajabu. Mtu aliyeacha shahada ya Harvard bila kuifuata hakuwa mtu wa kudai. Lugha yake aliieleza mwenyewe kuwa ina vituko na dosari, na bado imefanikiwa kupita kiasi. Alijua dosari zake kwa majina, akaziandika wazi ili mwenye kuja nyuma asiumie bila kujua.

Zamu yangu pale stationery ilifika. Ripoti yangu ina kurasa 74, pembezoni kushoto sentimita nne kamili, maana mwongozo unataka hivyo. Nikalipa, nikabaindi. Kwenye ukurasa wa shukrani, baada ya wazazi na msimamizi, nimemshukuru dogo wa Mang'ola, na kuanzia pale Qurus imeandikwa kwa q yake.